Kaye moja, biki moja: hesabu ya biashara ndogo ni kazi ya raia pia



Juma iliyopita, jioni, tulikuwa tunapita pembeni ya soko ya Kituku, hapa Goma. Mama moja mwenye kuuzisha mandazi na chai alikuwa anafunga meza yake. Alihesabu franga mara mbili, akazifunga ndani ya kitambaa, kisha akatuambia: "Batoto yangu, minauzisha kila siku, na bakiliya biko. Lakini sijue kwenye feza inaendaka."

Neno hili tunalisikia kila mahali: kwa kijana mwenye kabini ya yunite, kwa dada mwenye kusuka nywele, kwa motari, kwa fundi wa simu, kwa mushonaji. Watu hawakosi kazi ya kufanya. Wanaamka saa kumi na moja asubuhi na kulala saa nne usiku. Kisha mwaka moja au mbili nyuma, kapitali imekwisha, na mtu anasema "nilirogwa" ao "jirani ana jicho mbaya." Mara nyingi hakuna aliyemuroga. Feza ilitoka kidogo kidogo, kupitia mlango wenye hakuna mtu aliangalia.

Leo hatutaongea maandamano. Tutaongea kaye. Na mwenye kufikiri kaye haina siasa, asome mpaka mwisho.

Swali la kwanza: chombo kinatakiwa kujibu nini?

Vijana wengi wanatuuliza: "Ni programu gani nzuri ya kufanya hesabu?" Tunawajibu kwa swali lingine: unataka ikuambie nini? Mtu mwenye kufanya kazi peke yake, bila mfanyakazi, bila ofisi, iko na maswali tano tu ya kujibu kila jioni:

1. Leo feza ngapi iliingia, na kutoka wapi?
2. Leo feza ngapi ilitoka, na kwa kazi gani?
3. Nani ana deni yangu, na mimi niko na deni ya nani?
4. Bidhaa gani imebaki?
5. Mimi mwenyewe nilichukua ngapi kwa ajili ya nyumba?

Chombo chenye kujibu haya maswali tano ni kizuri, hata kama ni kaye ya mtoto wa primaire. Chombo chenye kushindwa kuyajibu ni kibaya, hata kama kiko ndani ya simu ya bei kali. Na kiko na sharti moja juu ya yote: uweze kukitumia ukiwa umechoka, bila umeme, bila mega. Ukishindwa kukitumia siku ya taabu, utakiacha, na hesabu yenye kuachwa siku tatu ni nguvu sana kuirudilia.

Chombo cha kwanza: kaye

Tunasema wazi: kwa watu wengi wenye kusoma barua hii, kaye ndiyo jibu. Haitaki chaji. Mwizi haiibe. Mtoto wako anaweza kukusaidia kuandika.

Namna ya kuipanga ni hivi. Fungua kurasa mbili. Kwa mkono wa kushoto andika yenye kuingia, kwa mkono wa kuume yenye kutoka. Kila mstari uko na tarehe, jambo, na kiasi. Ku upande wa kuingia, tenga feza ya mkononi na feza ya simu. Nyuma ya kaye, acha kurasa kumi kwa madeni: jina, siku, kiasi, siku aliahidi kulipa, siku alilipa.

Tuchukue mfano wa mama yetu wa mandazi. Hizi namba ni za mfano tu. Asubuhi aliamka na 25 000 FC ndani ya kitambaa. Mchana aliuzisha mandazi ya 46 000 FC ya mkononi na 8 000 FC ya simu. Mtu moja alimulipa deni ya zamani ya 3 000 FC. Yenye kuingia ni 57 000 FC. Alinunua unga, sukari na mafuta kwa 31 000 FC, makala 5 000 FC, jetoni ya soko 500 FC, moto 2 000 FC. Yenye kutoka ni 38 500 FC. Kisha alitoa 12 000 FC ya chakula cha watoto.

Jioni anapashwa kuwa na ngapi? 25 000 kuongeza 57 000, kutosha 38 500, kutosha 12 000: inabaki 31 500 FC. Ndani ya ile, 8 000 FC iko ku simu. Basi ndani ya kitambaa kunapashwa kuwa 23 500 FC. Anahesabu, anakuta 22 000 FC.

Pale ndipo kazi ya kaye inaanza. 1 500 FC ilienda wapi? Labda alikosea kurudisha chenji. Labda mtoto alichukua ya kununua biki. Bila kaye, hangejua hata kama kuna kitu kimekosa. 1 500 FC kila siku, siku 26 za soko, ni 39 000 FC kwa mwezi. Angalia vizuri: hiyo ni zaidi ya unga, sukari na mafuta ya siku nzima.

Onyo moja. Kuona feza imeongezeka jioni, usiseme mara moja kwamba ni faida. Labda unga wa kesho haujanunuliwa. Labda ulipokea deni ya juma iliyopita. Faida inaonekana mwisho wa mwezi, kisha kuhesabu bidhaa yenye kubaki na madeni ya pande zote mbili. Kwa hiyo, siku ya mwisho ya mwezi, jipe saa moja: jumlisha kurasa, hesabu bidhaa, andika jumla ku ukurasa moja peke yake. Kurasa 12 kwa mwaka. Zile kurasa 12 ndizo sura ya kweli ya biashara yako.

Chombo cha pili: simu yenye uko nayo tayari

Watu wengi wanasema: "Mimi M-Pesa inaniandikia yote" ao "Airtel Money na Orange Money zinatunza historia." Ni kweli kwa nusu. Ile ujumbe inakuambia 8 000 FC iliingia saa tisa. Haikuambie kama ni mandazi, ni deni ya zamani, ao ni dada yako wa Bukavu amekutumia ya dawa. Ujumbe ni ushahidi. Hesabu ni wewe unaifanya.

Kama unaweza, weka laini moja ya biashara na laini ingine ya nyumba. Hii peke yake inaondoa nusu ya fujo. Kila jioni, soma ujumbe za siku na uziandike ndani ya kaye, pamoja na feza yenye kukatwa wakati wa kutosha ao kutuma. Ile feza ya kukatwa ni matumizi ya biashara sawa na makala. Watu wengi hawaiandikake, na mwisho wa mwezi inauma. Na usitegemee ujumbe peke yake: simu ikianguka ndani ya maji ao ikiibiwa, historia inaenda nayo.

Wamoja wanajiandikia wenyewe ujumbe ndani ya WhatsApp kila mara wanapouzisha: "ndazi 10, 2 000." Ni njia nzuri ya kutosahau mchana, wakati wateja ni wengi. Lakini haijumlishe yenyewe. Jioni, hamisha yote ndani ya kaye.

Chombo cha tatu: jedwali ndani ya simu ao kompyuta

Kama uko na kazi yenye mistari mingi, kwa mfano unauzisha vipande vya simu vya aina makumi mane, kaye inaanza kuchosha. Hapo jedwali la Excel, ao Google Sheets, ao LibreOffice yenye haiombi kulipa, linaweza kusaidia. Linajumlisha lenyewe, na linatafuta jina la mteja kwa haraka. Safu zake ziwe zile zile za kaye: tarehe, jambo, kuingia, kutoka, mkononi ao simu. Usianze na safu ishirini. Kijana mwenye kuanza na safu ishirini anaacha juma ya pili.

Ukichagua jedwali, jua pia bei yake: umeme unakatika, mega inakwisha, na namba moja yenye kufutwa kwa kidole inaharibu jumla yote. Kila mwisho wa juma, jitumie nakala kwa barua pepe ao uiweke ku simu ya mtu wa kuaminika.

Chombo cha nne: programu za biashara

Kuna programu nyingi za simu zenye kuahidi kukufanyia kila kitu. Hatutataja moja kusema ni bora, kwani zinabadilika kila mwaka. Tunawapa maswali ya kuuliza mbele ya kuweka moja:

Inafanya kazi bila intaneti? Inakubali feza za aina mbili, franga na dola? Ninaweza kutosha hesabu yangu yote siku nikitaka kuiacha, ao inabaki kwao? Inaomba kuona nambari za marafiki wangu wote, na kwa nini? Bure leo, na kesho? Iko ndani ya lugha yenye ninasoma bila shida?

Kama jibu la swali la tatu ni "hapana," achana nayo. Hesabu yako ni mali yako. Kuhusu programu kubwa za wahasibu, kama GnuCash, yenye ni ya bure na yenye kufanya hesabu ya pande mbili: ni kazi nzuri, lakini inaomba mtu ajifunze. Mtu wa meza moja haihitaji. Siku utaajiri watu na kukopa benki, utaifikia.

Dola na franga

Hapa kwetu hakuna namna ya kuongea hesabu bila kuongea dola. Unanunua bidhaa kwa dola, unauzisha kwa franga, unalipa nyumba kwa dola. Kiwango cha asubuhi si kiwango cha jioni, na kambisti wa kona moja hayuko sawa na wa kona ingine. Kosa kubwa ni kuchanganya zote ndani ya safu moja.

Fanya hivi: chagua feza moja ya hesabu, ile yenye unauzishia zaidi, kwa wengi ni franga. Kila mara unapobadilisha, andika mistari miwili: franga zenye kutoka, dola zenye kuingia, na kiwango cha siku ile pembeni. Hapo utaona kama bidhaa ilikuletea faida, ao kama kiwango kilikula yote. Kuna watu wanauzisha vizuri na wanapoteza ku kubadilisha tu.

Na wakaaji wa Goma wanajua jambo lingine. Mabenki yalipofunga milango mwisho wa Januari 2025, watu walibaki na simu na noti za mkononi. Noti zikachakaa, wauzishaji wakaanza kukataa zenye kupasuka. Kama uko na noti zenye watu wanakataa, zihesabu peke yake. Feza yenye huwezi kutumia kesho asubuhi usiiweke pamoja na kapitali ya kesho asubuhi.

Jilipe mshahara

Tunakuja ku jambo ngumu, kwani linagusa familia. Biashara nyingi za mtu moja zinakufa juu ya sahani. Shemeji amekuja, mtoto anafukuzwa ku masomo, kuna matanga ku avenue. Unaingiza mkono ndani ya kitambaa. Hakuna mtu atakuambia usisaidie ndugu. Sisi hatukulelewa hivyo. Lakini andika. Jiwekee kiasi cha kila siku ao cha kila juma, kiite mshahara wako, na kila chenye kupita pale kiandikwe kwa jina lake: "matanga, 5 000."

Likelemba pia iandikwe. Yenye unatoa kila juma haijapotea, iko kwa wenzako; na siku unapokea, ile si faida ya siku ile. Wengi wanapokea likelemba wanafikiri wametajirika, wanaitumia, kisha wanabaki na miezi ya kulipa.

Kaye na kitansi

Sasa ndugu atauliza: ninyi vijana wa kudai haki, kaye inawahusu nini?

Inatuhusu hivi. Kifungu cha 174 cha Katiba yetu kinasema kodi haiwezi kuwekwa isipokuwa kwa sheria. Kifungu cha 65 kinasema kila Mukongomani iko na wajibu wa kulipa kodi na taksi zake. Vifungu hivi viwili vinatembea pamoja: raia analipa, na analipa yenye sheria inajua tu. Lakini ku soko na ku barabara, uliza muzishaji moja: mwaka huu ulilipa ngapi? Hajue. Ulilipa kwa nani? Hajue. Uko na kitansi? Alipewa kipande cha karatasi bila muhuri, akakitupa, ao hakupewa kitu.

Ndani ya kaye yako, weka alama kwa kila malipo ya serikali: tarehe, mahali, huduma gani, kiasi, namba ya kitansi. Kama hakukuwa na kitansi, andika kwa biki nyekundu: "bila kitansi." Kitansi zote zitie ndani ya bahasha moja. Mwisho wa miezi mitatu, jumlisha nyeusi na nyekundu. Wauzishaji makumi mbili wa soko moja wakifanya hivyo, hakuna tena mtu wa kuwaambia kwamba wanalalamika bure. Wanaweka namba ku meza.

Tunasema pia neno la hekima. Kwenye kuna watu wenye silaha, usigombane juu ya kitansi. Maisha yako ni mbele ya kila hesabu. Lipa, rudia nyumbani, andika kama ni salama kuandika, na usiandike majina yenye yanaweza kukuletea hatari.

Kuna wenye kuogopa: "Nikiandika, mutu wa kodi ataona yote na kunimaliza." Hii hofu tunaielewa, na haikutoka hewani. Lakini angalia ule asiye na maandishi. Agenti anafika, anaangalia meza, anaangalia nguo, anakadiria namna anaona. Utajitetea na nini? Mwenye kaye iko na neno la kusema: "Hii ndiyo yenye niliuzisha, hii ndiyo yenye nilikwisha kulipa, na kitansi ni hizi." Haimaanishi utashinda kila mara. Inamaanisha hutashindwa bila kufungua kinywa.

Na sheria yenyewe iko upande wa kaye. Kongo iko ndani ya OHADA tangu tarehe 12 Septemba 2012. Sheria ya biashara ya OHADA inajua mutu mdogo mwenye kufanya kazi peke yake, inamuita "entreprenant." Inamuomba nini? Aandike siku kwa siku, ndani ya kitabu, feza ilitoka wapi na ni ngapi, atenge ya mkononi na ya njia zingine, aandike pia feza ilienda wapi na ni ngapi, na atunze kile kitabu miaka 5 kwa uchache. Soma tena. Ni ile kaye ya mama wa mandazi. Hakuna mahali sheria inamuomba kompyuta.

Tunza kumbukumbu

Miaka tano ni mingi kwa mji kama wetu. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma na kufunika maduka pamoja na vitabu vyao. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena, ikala nyumba za pembeni ya mji. Kati ya hizo kulikuwa moto ya masoko, wizi, na kukimbia vita. Kwa hiyo kaye isilale ku butiki. Ilale nyumbani. Kila juma, piga picha ya kurasa na umutumie mtu moja wa kuaminika mwenye anaishi mahali pengine. Siku ukirudi na mikono mitupu, zile picha zitakukumbusha nani ana deni yako na bidhaa gani ulipoteza.

Tunaomba nini

Kwa wenye mamlaka, popote walipo: bei ya kila taksi ya soko ibandikwe ku mlango wa soko, kwa Kiswahili, kwa maandishi yenye mama anaweza kusoma. Hakuna kupokea bila kitansi yenye namba na muhuri. Na kila mwaka, soko iambiwe feza yake ilifanya nini: vyoo ngapi, taa ngapi, takataka zilitolewa mara ngapi.

Kwa walimu: kijana anamaliza sekondari anajua tarehe za wafalme wa Ubelgiji na hajue kupanga kurasa mbili za kuingia na kutoka. Saa moja kwa juma ingetosha.

Kwa sisi wenyewe, tunaweka changamoto ya siku 30. Kila mumoja mwenye anajua kuandika achukue mtu moja wa karibu, mama yake, dada yake, jirani wa avenue, na akae naye dakika kumi kila jioni. Dakika kumi tu. Siku ya 30, wajumlishe pamoja. Na sisi pia, ndani ya vikundi vyetu, michango ya kununua maji na kuchapisha karatasi iandikwe ndani ya kaye yenye kila memba anaweza kufungua. Tunasimama kila mwaka mbele ya ofisi tukiuliza: feza ya wananchi ilienda wapi? Lile swali linakuwa na uzito ikiwa mwenye kuuliza anaweza kujibu la kwake.

Mama wa Kituku tulimuachia kaye ya kurasa 96 na biki mbili, moja nyeusi na moja nyekundu. Mtoto wake wa miaka 12 ndiye alichora mistari. Juzi tulipita tena. Alitufungulia ukurasa wa kwanza, akaweka kidole ku mstari wa nyekundu. "Hii 1 000," alisema, "kesho nitamuomba kitansi."

Haki ya soko inaanzia pale.